Safari ya Darasa ni Somo, Si Zawadi ya Mwenye Nacho

Katika shule zetu nyingi za msingi safari ya darasa hutangazwa kwa namna moja. Barua hupelekwa kwa wazazi, na ndani yake kuna jina la mahali, tarehe na kiasi cha fedha. Siku ikifika, basi husimama mbele ya shule; watoto waliolipiwa hupanda, na wasiolipiwa hubaki. Kesho yake darasa huwa limegawanyika mafungu mawili: fungu lililoona na fungu lililosimuliwa.

Wakati umefika wa kuliuliza jambo hili bila kuoneana haya. Je, safari ile ilikuwa somo au ilikuwa starehe? Kama ilikuwa starehe, haikupasa kuchukua siku ya masomo. Na kama ilikuwa somo, ni kwa haki gani mtoto wa shule ya umma alinyimwa somo kwa sababu tu mzazi wake hakuwa na fedha?

Ili kulipima swali hili nitaanza mbali kidogo, huko England. Sikuichagua nchi hiyo ili tuiige. Tulikwisha kuonyeshwa na historia hasara ya kuiga shule za wengine. Nimeichagua kwa sababu ni nchi ambayo haijapata kujidai kuwa ya Kijamaa, ni nchi yenye matabaka ya watu tangu enzi na enzi, na hata hivyo imekwisha kuliandika jibu la swali letu katika sheria zake. Jambo hilo linastahili kutufikirisha.

Mwaka wa masomo wa England huanza Septemba, nao umegawanyika mihula mitatu. Muhula wa kwanza ni wa majira ya majani kupukutika, ambayo baadhi ya waandishi wetu huyaita vuli. Huendelea hadi karibu na Krismasi, ukikatwa katikati na mapumziko ya wiki moja mwishoni mwa Oktoba. Msomaji asiichanganye vuli hiyo na yetu. Vuli yetu ni mvua ya kupandia. Vuli yao ni wakati wa kumaliza mavuno, siku kufupika na baridi kuingia. Lakini miezi ni karibu ile ile, na kazi ya mwalimu ni ile ile: kumfanya mtoto wa miaka sita au saba auelewe ulimwengu unaomzunguka.

Mtaala ulioanza kutumika huko mwaka 2014 unawataka watoto wa miaka ya mwanzo wayatazame mabadiliko ya majira, waijue miti ya kawaida kwa majina, na wajifunze jiografia ya shule yao na viwanja vyake kwa kuvitembelea wenyewe. Kwa hiyo safari ya kwanza ya muhula mara nyingi haihitaji basi wala senti. Watoto hutoka mlangoni wakiwa wawili wawili, wameshikana mikono, wakaenda mpaka chini ya miti. Huokota majani na mbegu, hutenga miti inayopukutisha na isiyopukutisha, kisha hurudi darasani kuhesabu, kuchora na kuandika majina. Safari imekuwa hesabu, sayansi na lugha kwa wakati mmoja.

Baadaye kidogo huja Sikukuu ya Mavuno. Desturi ya kuiadhimisha kanisani kwa namna ya sasa huhesabiwa kuwa ilianza mwaka 1843 katika kijiji cha Morwenstow, Cornwall, chini ya kasisi aitwaye Robert Stephen Hawker. Leo shule nyingi huitumia siku hiyo kukusanya vyakula, hasa vya makopo, vikapelekwa kwa wazee na kwa watu wenye dhiki. Oktoba ni mwezi wa kukumbuka historia ya watu weusi, desturi iliyoanzishwa London mwaka 1987 kwa juhudi za mwana wa Ghana, Akyaaba Addai-Sebo. Tarehe 5 Novemba huwashwa mioto ya kukumbuka njama ya mwaka 1605 ya kulilipua Bunge. Tarehe 11 Novemba watoto husimama kimya kwa dakika mbili kuwakumbuka waliokufa vitani. Desemba hufunga kazi kwa mchezo wa kuigiza wa kuzaliwa kwa Yesu, ambao mtoto aliyeshindwa kusema neno darasani muhula mzima husimama mbele ya wazazi akalitamka neno lake.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha namna mambo hayo yanavyofungamana na masomo. Katika historia, madarasa mengi ya watoto wadogo husoma habari za Moto Mkuu wa London. Moto huo ulianza Septemba 2, 1666, katika tanuri la mwoka mikate Thomas Farriner, kwenye kichochoro cha Pudding Lane. Uliwaka siku nne, ukateketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87. Karibu na mahali ulipoanzia ulijengwa mnara wa ukumbusho wenye urefu wa karibu meta 62 na ngazi 311. Mtoto anayekaa London huweza kupelekwa kuuona na kuzihesabu ngazi zake kwa miguu yake mwenyewe.

Na yule akaaye mbali, ambaye nauli ya treni ni mzigo kwa shule yake? Walimu wengi wamekwisha kupata jawabu. Watoto hujenga nyumba za maboksi, wakazipanga zikiwa zimebanana kama zilivyokuwa zamani, kisha watu wa zimamoto huitwa shuleni na nyumba zile zikachomwa uwanjani chini ya ulinzi wao. Mtoto aliyeziona nyumba zake zikishika moto moja baada ya nyingine hahitaji kukaririshwa kwa nini mji wa mbao uliteketea. Hapo ndipo ilipo siri ya jambo zima: thamani ya safari haipimwi kwa umbali wa basi lilikofika. Hupimwa kwa yale ambayo mtoto ameyaona, ameyauliza na kuyaandika.

Sasa tuje kwenye fedha. Sheria ya Elimu ya England ya mwaka 1996, ambayo kanuni zake juu ya malipo zilitokana na sheria ya mwaka 1988, inasema kwamba shule inayoendeshwa kwa fedha za umma haiwezi kumtoza mzazi malipo kwa ajili ya masomo yatolewayo saa za shule, na safari ya darasa inayofanyika saa hizo ni sehemu ya masomo. Shule inaruhusiwa kuomba mchango wa hiari. Lakini ni lazima imweleze mzazi waziwazi kwamba halazimiki kutoa, na mtoto asitendewe kwa namna tofauti na wenzake ati kwa sababu mzazi wake hakuchanga. Michango isipotosha, shule yaweza kuiahirisha au kuifuta safari nzima. Isichoweza kufanya ni kuwapeleka waliolipa na kuwaacha wasiolipa. Ama darasa zima litakwenda, ama hapana atakayekwenda.

Sisemi kwamba mambo ya huko yamenyooka. Neno hiari, likiandikwa kwenye barua yenye kiasi na tarehe ya mwisho, humkaba mzazi maskini karibu sawa na neno lazima. Shule ya mtaa wa wenye dhiki, ambayo wazazi wake hawana cha kuchangia, hulazimika kuifuta safari upesi kuliko shule ya mtaa wa wakwasi. Safari za kulala nje huruhusiwa kutozwa gharama za malazi na chakula, ingawa wazazi wanaopokea baadhi ya misaada ya serikali husamehewa. Na shule za kulipia haziguswi na sheria hiyo. Kwa hiyo matabaka hayakufutwa kwa kifungu cha sheria. Hata hivyo kuna mpaka mmoja ambao sheria imeuchora, nao ni ule unaopita mlangoni mwa basi. Pale mlangoni hakuna kuulizana nani kalipa.

Mpaka huo haukuwapo tangu zamani. Mwaka 1862 Serikali ya Uingereza, kwa uongozi wa Robert Lowe katika mambo ya elimu, iliweka utaratibu wa kuzipa shule ruzuku kufuatana na mahudhurio na jinsi watoto walivyojibu mtihani wa mkaguzi katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Matokeo yake yalikuwa kama alivyoweza kutabiri mwalimu yeyote. Shule zilifundisha mtihani, watoto wakakariri vitabu, na kisichotahiniwa kikatupwa. Ilichukua miaka zaidi ya 30 hata utaratibu ule ukaachwa, na ni katika miaka hiyo ya 1890 ndipo kanuni za shule zilipokubali kwamba saa ambazo mtoto yuko makumbusho pamoja na mwalimu wake zihesabiwe kuwa saa za shule. Yaani mtoto anayejifunza nje hakuwa tena mtoro.

Kisha ukaja mwaka 1967. Januari mwaka huo, huko England, kamati iliyoongozwa na Bridget Plowden ilitoa taarifa yake maarufu juu ya watoto na shule za msingi, ikasisitiza kwamba mtoto ndiye kiini cha elimu na kwamba mazingira yake ni mahali pa kujifunzia. Machi mwaka huo huo, hapa kwetu, Mwalimu Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Nyaraka hizo mbili hazikutokana na hali moja wala hazikukusudia jambo moja. Ya kwao ilitoka katika nchi ya viwanda yenye shule kila mtaa. Ya kwetu ilitoka katika nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka mitano tu na watoto wengi wasiopata hata darasa la kwanza. Lakini zilikutana mahali pamoja: zote mbili zilikataa shule iliyojifungia ndani ya kuta zake, ikiwa haina habari na maisha yaliyo nje ya dirisha.

Katika Elimu ya Kujitegemea Mwalimu alilalamikia elimu ya kikoloni kwa sababu iliwatenga vijana na jamii yao, ikawapa watu wachache nafasi ya kujiona bora kuliko wengine, na ikawafanya waamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni na hakuna la kujifunza kwa mkulima mzee. Basi tuyapime matendo yetu ya leo kwa kipimo hicho. Safari inayowachagua watoto 20 kati ya 80, kwa kigezo cha mfuko wa mzazi, inafanya nini kama si kuwafundisha wale 20 kwamba wao ni bora, na wale 60 kwamba wao ni mabaki? Somo hilo mtoto hulishika upesi kuliko jedwali la kuzidisha, na husahau kwa shida.

Ni kweli pia kwamba sisi wenyewe tuliwahi kuipotoa fikra hii njema. Palikuwa na shule ambamo kujitegemea kuligeuka kuwa kulima tu. Mtoto alishika jembe toka asubuhi, hakuambiwa kwa nini mbegu hupandwa kwa nafasi, hakupima shamba, wala hakuona hesabu ya mavuno. Kazi isiyo na somo ndani yake si elimu, kama vile safari isiyo na somo ndani yake isivyo elimu. Jembe na basi ni vyombo tu. Mwalimu ndiye anayevifanya kuwa shule.

Najua majibu yatakayotolewa, maana yana uzito na hayastahili kudharauliwa.

La kwanza ni kwamba shule hazina fedha. Tangu Januari 2016, kufuatana na Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada na michango ya lazima ilifutwa katika elimu ya msingi ya umma. Ulikuwa uamuzi wa haki, na watoto wengi waliokuwa wakizuiwa na michango walipata mlango wa kuingilia. Lakini mwalimu mkuu anauliza: kama simtozi mzazi, basi la safari nitalilipa kwa nini? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba tumeanza kuhesabu kutoka upande usiofaa. Tumeanza na basi, tukatafuta fedha, kisha tukatafuta somo. Tungeanza na somo, tungeona kwamba mara nyingi basi halihitajiki.

Tutazame tulivyo navyo katika miezi hii hii ya muhula wa pili, kuanzia Julai hadi Desemba. Sehemu zenye mvua za vuli, darasa laweza kuweka kopo uwanjani, likapima mvua kila asubuhi na kuchora chati hadi shule inapofungwa. Gharama yake ni kopo tupu na rula. Darasa laweza kwenda sokoni kuandika bei za mahindi, maharage na dagaa kwa wiki nne mfululizo, likaona wenyewe bei inavyopanda na kushuka na kuuliza kwa nini. Laweza kwenda zahanati kuona namna chanjo zinavyotunzwa ziwe baridi, ofisi ya kata kuona daftari la mkazi, kituo cha zimamoto kuona bomba linavyofunguliwa, mtoni kuona ukingo uliomomonyoka mwaka huu na uliokuwapo mwaka jana. Laweza kumwalika bibi anayejua kufinyanga au babu aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge. Hapo mgeni ndiye aliyesafiri, na darasa limebaki pale pale.

Historia nayo imetuzunguka. Watoto wa England husimama kimya tarehe 11 Novemba kwa kuwa vita vya kwanza vya dunia vilikoma huko Ulaya siku hiyo mwaka 1918. Ni watoto wetu wangapi wanaojua kwamba huku Afrika Mashariki vita hivyo viliendelea mpaka jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliposalimu amri rasmi tarehe 25 Novemba huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia? Katikati ya Dar es Salaam ipo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi wa vita hivyo. Maandishi yake yako katika Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Wanafunzi hupita hapo kila siku wakiwa ndani ya daladala. Darasa moja lililosimama pale kwa nusu saa, likayasoma maandishi hayo na kuuliza wapagazi wale walitoka vijiji gani na nani aliwapeleka, litakuwa limejifunza zaidi ya kurasa nyingi za kukariri.

Hata moto tunao wa kwetu. Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua, na athari yake iliwafikia wachuuzi wengi ambao watoto wao wamo madarasani mwetu. Kwa nini mwalimu wa Ilala asilifanye jambo hilo kuwa somo la moto, la biashara na la tahadhari, kama vile mwenzake wa London anavyoufanya ule wa mwaka 1666? Mahali pengine kuna Kaole, kuna Kilwa Kisiwani, kuna Isimila, kuna Engaruka. Mtoto wa Bagamoyo hana sababu ya kumwonea wivu mtoto wa mji wowote duniani kwa upande wa mambo ya kutazama.

Jibu la pili ni wingi wa watoto. England iliweka kwa sheria ya mwaka 1998 kwamba darasa la watoto wadogo lisizidi 30 kwa mwalimu mmoja, na mwongozo wa mwaka huo huo ulipendekeza mtu mzima mmoja kwa kila watoto sita wa miaka ya mwanzo wanapokuwa nje ya shule. Mwalimu wetu mwenye watoto 90 atacheka asomapo tarakimu hizo. Lakini kicheko hicho kisitufanye tukate tamaa. Darasa la watoto 90 laweza kugawanywa makundi matatu, kila kundi likatoka wiki yake, na kamati ya shule ikatoa wazazi wa kusindikiza. Mzazi asiye na shilingi ana macho na ana mikono. Akiombwa kuongoza watoto kumi mpaka mtoni na kuwarudisha, ametoa mchango mkubwa kuliko nauli, tena ametoa kwa heshima.

La tatu ni usalama, na hapa hapana mzaha. Machi 1993 vijana wanne wa shule walikufa maji huko Lyme Bay, kusini mwa England, wakiwa katika mitumbwi chini ya kituo cha michezo. Nchi ile haikuzifuta safari. Ilitunga sheria mwaka 1995 ya kuvisimamia vituo vya namna hiyo. Sisi nasi hatuwezi kusahau Mei 6, 2017, pale Karatu, gari lilipoporomoka bondeni na kuchukua roho za wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, wakiwa njiani kwenda kufanya mtihani wa majaribio katika shule nyingine. Msiba ule unatudai jambo. Gari la watoto likaguliwe kabla ya safari, idadi ya viti iheshimiwe, na dereva ajulikane. Na unatufundisha pia kwamba safari fupi ya miguu, iliyopangwa vizuri, mara nyingi ndiyo safari bora.

La nne, na hili husemwa kwa sauti ya chini, ni mtihani. Mwalimu hupimwa kwa matokeo ya darasa la saba, na somo la sokoni halimo katika karatasi ya mtihani. Wenye mawazo hayo ningewakumbusha yaliyoipata England baada ya mwaka 1862. Mtoto aliyekariri kwamba mmomonyoko ni kuondolewa kwa tabaka la juu la udongo anaweza kupata alama. Mtoto aliyeuona ukingo wa mto ukimeguka atapata alama ile ile, na akiwa mkulima atapanda nyasi ukingoni. Taifa linamhitaji yupi?

Kutokana na hayo, nina mapendekezo manne kwa ndugu zetu wa idara za elimu, halmashauri na shule.

Kwanza, itamkwe wazi, kwa waraka unaoeleweka na kila mwalimu mkuu na kila mzazi, kwamba katika shule ya umma safari inayofanyika saa za masomo ni ya darasa zima. Michango ya hiari iruhusiwe, lakini orodha ya waliochanga isiwe orodha ya wanaosafiri. Ikishindikana kuwapeleka wote, safari isifanyike, itafutwe nyingine iliyo karibu.

Pili, mpango wa muhula uandikwe mwanzoni mwa muhula. Kila darasa liwe na shughuli chache za nje, na mbele ya kila shughuli liandikwe somo inalolihudumia, maswali ambayo watoto watakwenda nayo, na kazi watakayoifanya wakirudi. Shughuli isiyo na maswali ya kwenda wala kazi ya kurudi ifutwe. Hapo tutakuwa tumezitenga ziara na matembezi ya kupiga picha.

Tatu, taasisi za umma zifungue milango. Makumbusho ya taifa huko Uingereza yaliacha kutoza kiingilio Desemba 2001, kwa hoja kwamba mali ya taifa isiuzwe kwa mwenye mali. Popote hapa kwetu ambapo mtoto wa shule ya umma, aliye na mwalimu wake, bado anadaiwa kiingilio katika makumbusho au magofu ya umma, kiingilio hicho kiondolewe. Na mtumishi wa posta, wa stesheni, wa bandari au wa maji akiombwa nusu saa ya kuwaeleza watoto kazi yake, asiiite usumbufu. Hiyo nayo ni kazi yake kwa wananchi.

Nne, mwalimu anayezifanya kazi hizi atambuliwe. Mkaguzi anapofika shuleni asiishie kutazama azimio la kazi na daftari la mahudhurio. Aombe kuona chati ya mvua, ramani ya kijiji iliyochorwa na watoto, barua waliyoiandikia zahanati kutoa shukrani. Kinachokaguliwa ndicho kinachofanywa, na kisichoulizwa huachwa kife.

Nimesema mengi juu ya nchi ya wengine, lakini hoja yangu ni ya hapa. Sisi ndio tuliosema, katika nyakati ambazo tulikuwa maskini kuliko leo, kwamba elimu isiwagawe watoto wa nchi moja. Hakuna mtu aliyetulazimisha kusema hivyo. Basi mwalimu mkuu atakayeketi wiki hii kuandika barua ya safari kwa wazazi, kabla hajaandika kiasi cha fedha, na ahesabu kwanza watoto wa darasa lile mmoja mmoja kwa majina. Kisha ajiulize kama mahali anapotaka kuwapeleka panaweza kufikiwa na wote. Kama hapafikiki, ageuze kalamu, aandike jina la mahali pengine.